Hija ya Santiago kwa mke na mume: kwa nini miguu iliyozoea milima ya Mbeya imeharibika siku ya pili tu?

#1 Mwanajumuiya wa Iyunga

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu. Naomba wajuzi wa hija za miguu, wa viatu na wa tiba tukae hapa kidogo.

Kuna mke na mume wa jumuiya jirani, mume ana miaka 58, mke 53. Mlima Loleza wa hapa Mbeya wanaupanda asubuhi na kushuka, saa nane wako nyumbani wanakula. Septemba walikwenda Hispania kutembea hija ya Mtakatifu Yakobo, kile kipande cha mwisho cha Camino Francés kutoka Sarria hadi Santiago de Compostela, kilomita kama 115. Walipanga siku tano: Sarria hadi Portomarín 22, Portomarín hadi Palas de Rei 25, Palas de Rei hadi Arzúa 29, Arzúa hadi O Pedrouzo 19, na 20 za mwisho kuingia Santiago.

Jioni ya kwanza mke ana malengelenge visigino vyote viwili. Siku ya pili yamepasuka, na mume ugoko wa kulia umevimba. Siku ya tatu wakapanda teksi kutoka Palas de Rei hadi Melide, kilomita 15 hivi, kisha wakaendelea kwa miguu mpaka mwisho. Kwenye ofisi ya mahujaji wakasema ukweli wote, wakakosa cheti cha Compostela.

Wanataka kurudi 2027. Vilima vya Galicia ukivilinganisha na Loleza ni vichuguu. Sasa imekuwaje?

#2 Fundi Viatu Mwanjelwa

Kabla hatujaanza kubuni, taja viatu. Vipya au mtumba? Ngozi au kitambaa? Na soksi za nini?

#3 Mwanajumuiya wa Iyunga

Mke: buti za ngozi, mpya, zilinunuliwa wiki mbili kabla ya safari. Mume: viatu vya milimani vya mtumba, kwa macho vizuri kabisa. Soksi za pamba, nene, wote wawili. Mabegi: mume kilo 13, mke kilo 5, kwa sababu mume alibeba na vitu vya mkewe.

#4 Fundi Viatu Mwanjelwa

Basi jibu liko hapo hapo.

Tuanze na mke. Buti ya ngozi haivaliwi wiki mbili ikaenda kutembea kilomita 115. Ngozi ya nyuma ya kisigino, ile sehemu ngumu yenye ubao ndani, inahitaji kujikunja mara elfu kadhaa ndiyo ishike umbo la mguu wako. Mteja wa safari kama hiyo namwambia avitembelee kilomita 100 kwanza, akianzia na tatu nne kwa siku. Tena kiatu kinunuliwe jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa kazi za kutwa, na soksi ile ile utakayotembelea. Ingiza mguu bila kufunga kamba, sukuma vidole mpaka vigote mbele, halafu pitisha kidole chako cha shahada nyuma ya kisigino. Kikipita bila kubanwa, namba hiyo inafaa. Kisipopita, ongeza namba. Viwili vikipita, mguu utaogelea.

Kwa mume. Mtumba wa milimani unadanganya sana. Juu unang'aa, kumbe soli ya kati, ile nyeupe au ya kijivu inayobonyea, imekufa. Kama ni ya poliurethani, hiyo huoza yenyewe kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini miaka. Siku unapokivaa kwa kazi inamegeka kama mkate mkavu. Kikunje kiatu, tazama ubavuni kama kuna mipasuko myembamba kama nywele, kisha bonyeza kwa ukucha. Alama ikibaki shimo na unga unatoka, kiache. Zile soli nyingine nyepesi za povu hazimegeki, ila zinakuwa ngumu kama ubao, na kila hatua kwenye lami inapanda moja kwa moja kwenye ugoko.

#5 Nesi wa Tukuyu

Fundi umesema vizuri, ila kiatu peke yake hakitoshi kueleza.

Lengelenge halitokani na ngozi kusuguliwa juu juu kama watu wanavyodhani. Mfupa unakwenda mbele, ngozi ya nje imeshikwa na soksi, tabaka za katikati zinavutana mpaka zinaachana, na maji yanaingia kwenye nafasi hiyo. Vitu vitatu vinaharakisha: msuguano, joto, unyevu. Soksi ya pamba inabeba vyote vitatu. Ikilowa jasho haikauki, na ikilowa inaishika ngozi zaidi. Kwa hiyo huyo mama hata angevaa raba laini, kwa soksi hizo angeumia tu, labda siku ya tatu badala ya ya kwanza.

Kinachotakiwa ni soksi ya sufu nyembamba au ya nyuzi za kutengenezwa, jozi tatu. Moja mguuni, moja imefuliwa inakauka nje ya begi, moja kavu kwa ajili ya kubadili katikati ya siku. Kila saa mbili vua viatu, miguu ipate hewa dakika kumi. Mahali ambapo unahisi joto tu, kabla hata ya maumivu, simama hapo hapo ubandike plasta ya kitambaa. Watu wengi wanajisemea "ngoja tufike". Hiyo "ngoja tufike" ndiyo inayopasua.

#6 Mkulima wa Isyonje

Naomba nitofautiane nanyi wote wawili. Mimi nasema ni hewa.

Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi, na Loleza inapita 2,600. Sarria iko chini sana, mita 450 hivi, na njia yote kutoka pale hadi Santiago hakuna panapofika 800. Mtu wa huku akishuka kule kifua kinakuwa chepesi mno. Hahemi, kwa hiyo hajui kama amekwenda kasi. Anatembea kilomita sita kwa saa akidhani ni nne. Mapafu hayamwambii asimame, miguu ndiyo inalipa.

#7 Kitulo Baridi

Mkulima, hoja tamu lakini tofauti ya mita 1,200 si kubwa hivyo kwa mtu anayetembea tu. Ingekuwa mbio ningekubali.

Mimi nauliza: walitua lini, wakaanza kutembea lini? Kutoka Songwe au kwa basi mpaka Dar, halafu ndege kwa kupitia nchi nyingine mpaka Madrid, halafu treni kwenda Galicia. Hapo umekaa kwenye kiti kutwa na kucha. Miguu inajaa maji. Ukivaa buti mpya kwenye mguu uliovimba, kiatu kilichokutosha Mwanjelwa hakikutoshi Sarria. Dawa ni kulala usiku miwili kabla ya kuanza, ukitembeatembea mjini na ndala.

#8 Mwanajumuiya wa Iyunga

Kitulo, walifika Sarria saa mbili usiku, kesho yake saa moja asubuhi wako njiani.

#9 Kitulo Baridi

Unaona sasa.

#10 Katekista Mstaafu, Tosamaganga

Kamwene wote. Niseme kuhusu hicho cheti, maana naona watu watatishika bure.

Masharti ya Compostela kwa watembea kwa miguu: angalau kilomita 100 mpaka Santiago bila kuruka kipande, kwa nia ya dini au ya kiroho, na kitabu cha hujaji chenye mihuri. Wanaoanzia Sarria wanapaswa kupiga mihuri miwili kila siku. Mihuri ipo makanisani, kwenye hosteli za mahujaji na hata kwenye migahawa ya njiani. Kila mtu na kitabu chake. Mke na mume hawatumii kimoja, na cheti ni kimoja kimoja, jina la ubatizo linaandikwa kwa Kilatini. Cheti ni bure. Ukitaka na kile kingine kinachoonyesha umbali na tarehe, hicho kinalipiwa euro chache.

Hakuna sheria ya siku tano. Hakuna muda kabisa. Wangelala Palas de Rei siku tatu mguu upoe, wakaendelea kwa miguu, cheti wangepata. Hata begi wangeweza kulituma kwa gari kutoka kituo hadi kituo, maana sharti ni mwili utembee, begi halina sharti. Ila wajue hosteli za serikali ya Galicia hazipokei mabegi yaliyotumwa, kwa hiyo begi litumwe kwenye hosteli binafsi.

La mwisho, na naomba mwambie huyo baba na huyo mama: cheti si rehema kamili. Hija yao kwa Mtume ni hija. Walisali, walifika, walisema kweli pale mezani wakati wangeweza kunyamaza.

#11 Mwanajumuiya wa Iyunga

Asante sana, Katekista. Hilo la mwisho nitawasomea kama lilivyo.

#12 Mtoto wa Kigamboni

Watu wa nyanda za juu, mnavyojisifia milima, mkashindwa na njia ya vijiji 😀 Halafu kwa nini msiende Namugongo, Uganda, kwa mashahidi? Karibu, nauli nafuu, viza hakuna, na wapo watu wanaotembea wiki nzima na zaidi mpaka Juni 3 bila buti wala soksi za sufu.

#13 Mkulima wa Isyonje

Wewe wa Kigamboni njoo upande Loleza kwanza, halafu tuendelee kuongea.

#14 Katekista Mstaafu, Tosamaganga

Namugongo ni hija kubwa na mtu asiilinganishe kwa kuishusha. Wale mashahidi 22 Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964 ni wa kwetu, damu ya Afrika. Lakini mwili unafanya kazi tofauti. Kule watu wanakwenda kwa kundi la jimbo, wana wimbo, wana gari nyuma la waliochoka, parokia za njiani zinapokea. Hii ya Hispania mke na mume wanatembea wawili tu kwa siku nyingi, hakuna anayewapangia mwendo. Nadhani hilo ndilo linaumiza kuliko viatu.

#15 Mama wa Mafinga

Katekista umegusa penyewe. Nimesoma posti zote nikawa nasubiri mtu aseme mwendo.

Mleta uzi hajatuambia urefu wao, ila kwa kawaida mume hatua yake ni ndefu. Mke akijitahidi kumfuata, anarefusha hatua kupita kiasi chake. Kisigino kinatua mbali mbele ya mwili, mguu unateleza ndani ya kiatu kila hatua, mbele nyuma, mbele nyuma, hatua elfu thelathini kwa siku. Hayo ni malengelenge ya kisigino, hata kwa kiatu cha dhahabu. Na mume akijizuia ili asimwache mkewe, anatembea kwa kujivuta breki, kidole cha mguu kimeinuliwa muda wote. Msuli wa mbele ya ugoko ndio unaofanya kazi hiyo. Ongeza kilo 13 mgongoni. Mmoja kaumia nyuma, mwingine mbele, siku ile ile. Hii haiwezi kuwa bahati mbaya.

Dawa: watembee mbalimbali. Wakubaliane kituo cha kukutana kila kilomita tano, mgahawa au kanisa lenye jina, kila mtu kwa mwendo wake. Na kila mtu abebe pasipoti yake, kitabu chake cha mihuri, pesa zake na maji yake. Wanandoa wengi wanaweka karatasi zote kwenye begi la mume. Akitangulia, mke hawezi kupiga muhuri wala kununua chai.

#16 Mwana-UWAKA Makambako

Dada yangu wa Mafinga, nakuheshimu, lakini hapana. Watu wamevuka bahari kwenda hija ya pamoja, halafu watembee mbalimbali? Wangebaki nyumbani kila mtu aende shambani kwake.

Iko njia ya kutembea pamoja bila kuumizana. Anayekwenda polepole anatangulia, siku zote, bila ubishi. Mwenye hatua ndefu anakaa nyuma hatua mbili tatu, si ubavuni, maana ubavuni atamsukuma bila kujua. Na Rozari inapanga mwendo vizuri kuliko saa. Mafumbo matano kwa sauti ya kawaida ni kama dakika 20. Mkiona hamwezi kuitikia Salamu Maria bila kukata pumzi, mnakwenda kasi. Kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa, Rozari moja ni kilomita moja na kidogo. Mafumbo yote ya siku mkiyasali asubuhi mmeshafika mahali.

#17 Mama wa Mafinga

Kaka, hilo la polepole kutangulia nalikubali. Lakini kwenye mteremko mwenye hatua fupi akitangulia, wa nyuma anafunga breki zaidi. Ndipo ugoko unapovimba. Basi wapande pamoja, washuke mbalimbali.

#18 Mwana-UWAKA Makambako

Hapo sawa, kwa mteremko tu.

#19 Fundi Viatu Mwanjelwa

Mteremko, ndiyo. Siku ya kwanza kutoka Sarria unapanda mpaka karibu na Ferreiros, pale penye lile jiwe la kilomita 100, halafu unashuka kwenda mto Miño, na kipande cha mwisho kabla ya daraja la Portomarín ni kikali. Ukishavuka daraja, kuna ngazi ndefu ya mawe kuingia mjini. Mtu anafika na miguu imeshaiva.

Kwa mteremko huo kamba zifungwe upya. Kuna kitobo cha juu kabisa ambacho watu wengi hawakitumii. Pitisha kamba kwenye kitobo hicho upande ule ule ilipotoka ili itengeneze kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Sasa kila ncha ivuke iingie kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini na nyuma, ndipo ufunge. Kisigino kinakaa kimeshikwa, na vidole havigongi mbele. Lakini usikaze pale mbele ya kifundo. Ukikaza hapo, ule mshipa mnene wa juu ya mguu unasuguliwa na ugoko unauma. Huyo baba mwulizeni alifungaje. Mimi naona ni kamba na soli iliyokufa, si mwendo wala mzigo.

#20 Nesi wa Tukuyu

Fundi, kilo 13 unaziachaje? Kanuni ya mahujaji ni mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 75 ni kilo 7 na nusu, na maji yamo humo humo. Begi tupu kilo 1 na robo, mfuko mwepesi wa kulalia gramu 700, koti la mvua gramu 400, maji lita moja kilo moja. Bado una nguo jozi moja ya ziada, ndala, dawa, sabuni, taulo jepesi. Inatosha. Kinachozidisha ni "huenda tukahitaji". Kule ni vijiji vyenye maduka ya dawa, si pori.

#21 Mpenda Safari Njombe

Samahani kwa kuingilia. Viza inakuwaje kwa mke na mume, wanaomba moja?

#22 Kitulo Baridi

Kila mtu fomu yake, hata mkiwa ndoa ya miaka 40. Ni viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ada euro 90 kwa mtu mzima. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla, ila ukiwa huku kwetu usingoje hizo 15. Lazima mfike wenyewe Dar kwa alama za vidole. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen. Cheti cha ndoa wekeni nakala kwenye mafaili yote mawili, na kama mmoja ndiye mwenye akaunti yenye pesa, aandike barua kuwa anamgharimia mwenzake. Barua ya paroko inasaidia kueleza nia, haichukui nafasi ya taarifa ya benki.

Watu wengi wanakwama kwenye ratiba. Unaandika "tutatembea tutalala tutakapofika", na hosteli za serikali hazipokei oda. Afisa anataka kuona mahali pa kulala. Basi weka oda hosteli binafsi au vyumba vya wageni kwa kila usiku, vituo vile vile alivyotaja mleta uzi.

#23 Mpenda Safari Njombe

Ubarikiwe. Na 2026 si ndiyo Mwaka Mtakatifu wa Yakobo? Nimesikia ule mlango unafunguliwa, na kile chetezo kikubwa kinarushwa kila Jumapili.

#24 Katekista Mstaafu, Tosamaganga

Hapana, mwanangu. Mwaka Mtakatifu wa Compostela ni ule ambao Julai 25, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, inaangukia Jumapili. Uliopita ulikuwa 2021, ukaongezwa hadi 2022 kwa sababu ya janga la korona. Unaofuata ni 2027, halafu 2032. Umesikia 2026 kwa sababu Mlango Mtakatifu hufunguliwa Desemba 31 ya mwaka unaotangulia.

Na chetezo, Botafumeiro, hakirushwi kila Jumapili. Kinarushwa sikukuu maalumu, na siku nyingine kundi likigharimia. Kina uzito wa kilo hamsini na kitu, wanaume wanane wanavuta kamba. Mtu asikate tiketi kwa ajili ya moshi, aende kwa ajili ya Misa.

Rehema kamili ya mwaka huo ina masharti ya kawaida: kitubio, Ekaristi, kutembelea kanisa kuu na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Kutembea kwa miguu si sharti. Mgonjwa aliyekuja kwa basi anaipata sawa na aliyetoka Ufaransa kwa miguu, kilomita 780 hivi.

#25 Mama wa Mafinga

Na asiyeweza kabisa kusafiri, mwingine anaweza kutembea kwa niaba yake. Ukiieleza ofisi ya mahujaji kuwa umetembea kwa ajili ya mgonjwa au marehemu, wanaandika kwenye cheti *vicarie pro* na jina lake. Wanandoa waliofiwa na mtoto au mzazi wanafanya hivyo.

#26 Mwanajumuiya wa Iyunga

Hilo sikulijua. Wao walizika mtoto wao wa kwanza. Asante sana, Mama wa Mafinga.

#27 Mkulima wa Isyonje

Nirudi kwenye swali la uzi. Nimeacha hewa, sasa nashika udongo. Loleza unakanyaga udongo, majani, mizizi. Kila hatua wayo unatua kwa pembe tofauti, uzito unagawanyika. Kutoka Sarria sehemu kubwa ni vijia vya changarawe, mawe, na vipande virefu vya lami na zege kati ya mashamba. Wayo unatua pale pale mara elfu thelathini. Mazoezi yao yalikuwa ya mapafu na mapaja, ngozi ya wayo haikuzoezwa.

Wafanye lami. Wa Mbeya watembee pembeni mwa barabara ya Chunya alfajiri, wakikabili magari yanayokuja. Wa Iringa waende Tosamaganga na kurudi. Na wafanye siku mbili mfululizo, begi mgongoni, kwa sababu siku moja haisemi kitu. Ya pili ndiyo inakuonyesha kiatu.

#28 Fundi Viatu Mwanjelwa

Hapo kwenye siku mbili mfululizo nakupa mkono.

#29 Mtoto wa Kigamboni

Nimewasoma mpaka mwisho, utani nimeuweka kando. Swali dogo: chakula? Maana mtu wa huko bila ugali...

#30 Kitulo Baridi

Unga wakiubeba watajilaumu. Hosteli nyingi za serikali Galicia zina jiko lakini hazina sufuria wala mwiko. Nyama kavu na maziwa haviruhusiwi kuingizwa Ulaya, wasijaribu. Kuna supu yao inaitwa caldo gallego, viazi, maharage na majani ya kijani, mtu wa Makete anaila bila kuuliza. Menyu ya mahujaji ni vyakula viwili, mkate, kinywaji na kitindamlo kwa bei ya pamoja. Ila jioni jiko la mgahawa linafunguliwa saa mbili usiku au baadaye, wakati hosteli inazima taa saa nne. Wale mchana.

Melide wanakula pweza. Hicho ni chakula chenu nyie wa pwani.

#31 Mtoto wa Kigamboni

Basi naenda mimi 😀

#32 Nesi wa Tukuyu

Kabla uzi haujaishia kwa pweza: lengelenge likishatokea. Dogo lisilouma, liache, lizungushie plasta. Kubwa lililojaa linalozuia kutembea: nawa mikono, safisha kwa dawa ya kuua vijidudu, toboa pembeni karibu na ukingo kwa sindano mpya ya kuchomea, matundu mawili, kamua taratibu kwa kitambaa safi. Ngozi ya juu usiikate, ndiyo bandeji yako. Kule njiani wenyeji wanapitisha uzi wa kushonea na kuuacha ndani ili maji yaendelee kutoka. Msifanye hivyo, huo uzi ni barabara ya wadudu. Zile plasta nene za jeli ukishabandika usibandue mpaka zitoke zenyewe, ukivuta zinaondoka na ngozi. Mwenye kisukari asitoboe kabisa, aende kituo cha afya.

Mafuta mazito ya kupaka kabla ya kuvaa soksi yanasaidia wengi, lakini huwezi kupaka mafuta na kubandika plasta mguu ule ule. Haitashika.

#33 Fundi Viatu Mwanjelwa

Mleta uzi, bado nasema viatu. Waambie wavilete vyote viwili, na soksi walizotembelea. Nikimenya soli ya mume tutajua.

#34 Mama wa Mafinga

Na mimi bado nasema mwendo. Fundi, ukitazama soli, angalia kisigino cha buti za mke kimelika wapi. Kikilika nyuma kabisa ukingoni, alikuwa anarefusha hatua.

#35 Mwanajumuiya wa Iyunga

Nimeongea nao jioni hii. Mume anasema alikaza kamba sana mbele ya kifundo kwa sababu ya mteremko wa Portomarín. Mke anasema viatu havikumbana asubuhi, vilianza kumbana saa nne hivi baada ya mvua. Na wote wanasema mume alitangulia siku zote mbili. Jumamosi nawaleta Mwanjelwa na viatu vyao.

#36 Nesi wa Tukuyu

Mvua hukuitaja mwanzoni! Buti ziliingia maji kwa juu?

#37 Mwanajumuiya wa Iyunga

Ziliingia. Alitembea nazo hivyo mpaka jioni, soksi hakubadili.